Kabichi za Mzee Zabron na Mguu wa Heri

Tulieni, enyi wana wa milima! Aliyeshika jembe aliweke, anayetafuna peasi ameze, maana jambo litakalosimuliwa hapa lilikitetemesha kijiji kizima cha Gare.

Palikuwa na Mzee Zabron, Simba wa Kabichi, mwenye sauti ipasuayo ukungu, shabiki asiyekosa mechi tangu uwanja wa Gare uchongwe ubavuni mwa mlima. Nusu ya chini ya uwanja huo ni ardhi yake, aliyowaazima vijana kwa mapenzi ya mpira. Na chini zaidi, majeshi yake ya kabichi husimama safu kwa safu. Na palikuwa na Heri, kiungo mchezeshaji, mwenye mguu wa radi, ambaye kila pasi yake ndefu iliporomoka mlimani na kuangukia kabichi. Misimu miwili Mzee alizika mashujaa wake wa kijani, na misimu miwili alilia, "Huyu si kiungo! Huyu ni mvua ya mawe!"

Ikafika fainali ya kata. Timu zimefungana bao moja moja, dakika ndizo za mwisho, na kabichi zimekomaa tayari kwa soko. Mzee Zabron akasimama ukingoni, akatamka kiapo mbele ya umma:

"Nisikilizeni, Gare! Mpira mmoja tu ukigusa kabichi yangu leo, kesho naulima uwanja huu. Napanda viazi!"

"Baba Stephano, na magoli je?" akauliza mkewe Marta, malkia wa chai ya tangawizi.

"Yatatambaliwa na maharage!"

Heri alisikia. Akaupata mpira katikati, maadui wakamzunguka kama nyuki. Mbele, upande wa chini, mshambuliaji Selemani alikuwa peke yake, akipunga mikono: "Nipe! Nipe, kaka!"

Heri wa jana angefyatua. Mzee akaanza kuziaga kabichi zake moyoni.

Lakini Heri akageuka, akaupiga mpira kuelekea upande wa juu, karibu na mstari wa chaki, mahali pasipo na mtu.

"Amerogwa?" akanong'ona Marta.

Mabeki wakaukimbilia. Mpira ukapanda, ukachoka, ukafikiri, ukageuka. Ukawapita mabeki wakiwa bado wanapanda, ukateremka taratibu hadi miguuni pa Selemani, mpole kama ndama arudiye zizini. Wavu ukatikisika, nao, kwa rehema za Mola, haukutoboka.

Filimbi ikalia. Umma wote ukamgeukia Mzee, maana kila mtu aliujua ulimi ule. Akaingia uwanjani kwa mwendo wa mfalme, akasimama mbele ya Heri, kijana ambaye ndevu zake bado ziko njiani. Akafungua kinywa amsifu. Sifa alizomnyima misimu miwili zikagombania mlango, na likaponyoka neno moja ambalo hajawahi kumpa aliye mdogo kwake:

"Shikamoo."

Heri akapauka: kuitikia ni utovu wa adabu, na kutoitikia ni utovu mkubwa zaidi.

"Itikia, mwanangu," akasema Marta, "kabla hajabadili mawazo."

"Ma... marahaba, babu."

Basi na iandikwe, wajukuu wasomewe: siku hiyo, mbele ya watu wazima wenye akili zao timamu, Simba wa Kabichi alimwamkia kiungo, kiungo akaitikia, na mlima haukuanguka.