Upande wa Kulia wa Derrick

Jumatatu, 9 Juni
Nimeachana na Kyalo! Siku nne nafagia nywele za watu kwenye kinyozi chake hapa Silanga, nashika kioo, na mashine naambiwa nitaigusa baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Jana niliona video kwa simu. Jamaa mwenye miwani anasema elimu ya kweli hufuata udadisi na furaha, si ratiba ya mtu mwingine. Nililia kidogo. Alikuwa ananisema mimi.

Jumatano, 11 Juni
Nimejichunguza. Kupunguza nywele hakunifurahishi hata kidogo. Michoro ya kichwani ndiyo raha yangu: radi, nyota, mbawa. Basi, najifunza michoro tu. Mashine nimeazima kwa mke wa Kyalo, nikadai mumewe kanituma. Radi ya kwanza nimeichora kwenye blanketi. Imetoka safi! Risper, mke wangu, kauliza blanketi limeliwa na nini. Nimesema panya.

Ijumaa, 13 Juni
Binamu yangu Derrick kesho anaenda mtaa wa Kawangware 46 kujitambulisha kwa kina Amondi, mchumba wake. Miaka miwili ameingoja siku hii. Ana nywele kibao, na shangazi zake Amondi wameziona kwenye picha wakazisifu. Alitaka Kyalo azipunguze kidogo. Nikamwambia Kyalo ni mtu wa kizamani. Amekubali nimchore mimi!

Jumamosi, 14 Juni, asubuhi
Upande wa kulia: tai, mbawa wazi, kila unyoya mahali pake. Niliimba nikichora. Nikahamia kushoto, furaha ikaisha. Kwisha kabisa! Jamaa wa video alisema tusijilazimishe. Sikujilazimisha. Nikamwambia Derrick tuishie hapo.

Akatazama kioo. Akasema, "Manze Osewe, umenimaliza!" Akakimbilia kwa Kyalo, ambaye hakuwa na la kufanya ila kushika wembe. Sasa ni kipara kinachong'aa. Kyalo alicheka mwanzo hadi mwisho. Wivu tu.

Jumapili, 15 Juni
Aibu! Jana nilimsindikiza Derrick. Shangazi mkubwa wa Amondi, aliyefika juzi kutoka Siaya, alikiona kipara mlangoni akapiga nduru. Kwetu Wajaluo, kijana wa nywele nyingi akinyolewa zote ghafla, amefiwa. Nyumba nzima ikaanza kulia. Wakauliza ni nani aliyetutoka. Niliona haya kueleza habari za tai, nikasema mjomba. Mjomba mwenyewe yuko hai, na amenipigia leo akiuliza kwa nini anatumiwa rambirambi.

Wazee wakasema mambo ya ndoa hayazungumzwi kwenye msiba. Turudi baada ya mwezi. Amondi alilia kweli, na si kwa sababu ya mjomba. Derrick hakugusa hata chai. Nilimhurumia sana.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeenda kumwomba Derrick msamaha. Kafunga mlango. Nimeongea na mlango.

Lakini kwa mwezi mmoja nywele zitakuwa zimeota tena. Na mashine ya Kyalo bado iko chini ya kitanda changu. Leo nimeamka na udadisi wa ajabu kuhusu upande wa kushoto.