Haki ya Abiria

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Niungame kabla moyo haujazima. Begi lilikuwa langu. Ndani yake ratili mbili za mizizi ya jinsengi, ile dawa ya bei ghali, niliyoichimba mlimani mwaka jana, siku kumi kabla ya msimu halali wa kuchimba kufunguliwa. Dada yangu Verna alikuwa akiendesha gari lake. Askari wa kaunti akatusimamisha kwa taa mbovu ya nyuma, akapekua gari bila ruhusa wala sababu, akalivuta begi chini ya kiti changu. Nilisema sijawahi kuliona. Kisha nikamtazama Verna, kana kwamba ni lake. Mimi, mwalimu wa Kilatini na maadili miaka arobaini!

Mahakamani niliapa begi si langu, lakini hakimu aliona udongo kwenye kucha zangu. Alitutia hatiani sote wawili na kutunyima vibali vya kuchimba kwa miaka miwili. Daktari ananipa miezi sita. Tumekata rufani. Nikishinda, nitapata msimu mmoja wa mwisho, kuanzia tarehe mosi Septemba.

Jumatano, 6 Agosti
Wakili wetu, Bi. Tackett, amepiga simu. Upekuzi ulikuwa haramu, lakini abiria hawezi kuulalamikia kama gari si lake na begi si lake. Na wewe, Mwalimu, akasema, uliapa si lako. Nikasema naweza kukumbuka upya. Akasema majaji wa rufani wanasoma yaliyokwisha kuandikwa tu.

Mpango: Verna asaini kwamba nusu ya gari ilikuwa yangu tangu mwaka juzi. Alicheka hadi akakohoa. Eti kaka, hata mafuta hujawahi kuchangia! Uzushi. Nilinunua kifuta kioo.

Ijumaa, 8 Agosti
Hukumu! Verna ameshinda: gari lake, haki yake. Mimi nimeshindwa. Majaji hawaoni sababu ya kutilia shaka kiapo changu kwamba begi si langu. Mahakama ya chini haikuniamini, ikanitia hatiani. Ya juu imeniamini, ikaniacha na hatia yangu.

Verna alileta mkate wa mahindi. Akauliza, taratibu, begi lilikuwa la nani. Nikasema pengine la askari.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada nimemwungamia Verna, kwa machozi. Akasema mzee mwongo wewe, nilijua siku ile ile, gari zima lilinuka udongo. Amenisamehe. Nikamwomba aniuzie gari, nife nikiwa na changu. Amekubali kwa dola moja, na kadi ya gari ameshasaini.

Sasa askari akipekua, nitalalamika hadi mahakama ya juu kabisa! Kesho tunapanda mlimani, nikachimbe wiki tatu kabla ya msimu. Verna ataendesha, anadhani tunazuru kaburi la mama. Mizizi itakaa chini ya kiti chake, si changu.