Ajvari Yangu na Visahani vya Vukan

Jumatano, 9 Oktoba
Mpwa wangu Vukan kafungua mkahawa wa kisasa hapa mjini kwetu Leskovac. Visahani vidogo katikati ya meza, kila mtu achovye. Nyama kipande, jibini kijiko. Haya. Lakini ajvari! Rojo la pilipili hoho nyekundu za kuchoma, fahari ya kila nyumba mjini, kachukua kwa jirani Stamenka! Nikamuuliza kulikoni. Akasema, mjomba, yako tutaiweka siku nyingine. Siku ipi? Miaka ishirini nachoma pilipili uani hadi nyusi zinaungua!

Ijumaa, 11 Oktoba
Mbinu nimepata. Kesho ukoo mzima tunakula kwa Vukan, Stamenka naye kaalikwa. Nitaficha chupa yangu ndani ya koti. Kisahani cha ajvari kikiisha, nakijaza chini ya meza. Wakisifu tu, nasimama! Mke wangu Ljubinka kanikuta natoka stoo na chupa. Kaguna, kasema mume wangu, hebu iache hiyo. Wivu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kisahani nilichokijaza kisiri walikifuta kwa mkate hadi kikang'aa. Shemeji Blagoje, kaka yake Ljubinka, alilamba vidole! Vukan akauliza jikoni wamefanya nini, mbona leo imekolea. Nikasimama, nikatangaza kuwa ni yangu. Stamenka akaonja iliyobaki chupani. Akasema, jirani Dobrosav, usinichekeshe, hii ni yangu ya mwaka jana, mkono wangu naujua. Nikamwita mwongo mbele ya watu wote.

Ndipo Ljubinka akaweka uma chini. Akasema basi, yatosha: miaka tisa yeye ndiye anayebadilisha chupa stoo. Za Stamenka tunakula sisi. Zangu anapelekewa Blagoje, awape nguruwe.

Meza nzima ilicheka. Vukan alijifunika uso kwa trei. Iliniuma, sifichi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, koti likinuka kitunguu saumu.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimefikiri. Nguruwe wa Blagoje mbona wanono vile? Mmoja si alipata utepe wa ushindi kwenye maonyesho ya mifugo mwaka jana? Utepe! Stamenka ana utepe gani?

Nimenunua kilo sitini za pilipili. Moto unawaka uani. Ljubinka kasema nisiguse sufuria zake, nimeazima ya Blagoje. Ufunguo wa stoo nimeuvaa shingoni. Nyusi zimeshaondoka.

Kila chupa nimeibandika picha ya yule nguruwe na utepe wake. Kesho asubuhi nampelekea Vukan.