Jukwaa la Mikandaani

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa pwani ya kusini walitangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa tatu hakutakuwa tena na tatizo lolote kutoka Likoni hadi Lungalunga. Tangazo lilibandikwa sokoni Kombani, kwenye mbao za matangazo za vijiji, na kwenye ukuta mmoja wa hoteli kule Diani ambako tumbili walilibandua kabla ya adhuhuri na kulila. Ofisi husika ilifurahi. Ilikuwa dalili kwamba ujumbe umewafikia wote, wenye mikia na wasio na mikia.

Aliyeliandika tangazo hilo alikuwa Subira Abdurahman, Afisa wa Ufafanuzi katika Mamlaka ya Kheri na Ridhaa ya Umma, ofisi mpya ya vyumba vitatu iliyokuwa juu ya duka la dawa za mifugo pale Kombani. Subira alizaliwa Msambweni, akasoma mpaka chuo kikuu, kisha akakaa nyumbani miaka minne akiitazama shahada yake ukutani. Kwa hivyo alipoitwa kazini hakuuliza maswali. Hata angeambiwa afafanue moshi, angeufafanua.

Mkurugenzi wa Mamlaka pale Kombani alikuwa Daktari Kitsao, mtu mpole, mnene wa sauti, ambaye hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa amesomea falsafa ng'ambo. Huko aligundua kwamba miaka mia tatu iliyopita wanazuoni wa Ulaya walithibitisha kwamba ulimwengu huu ndio bora kuliko malimwengu yote yanayowezekana, na kwamba kila baya ni jema ambalo halijatazamwa vizuri. Baadaye walitokea waandishi wengine wakawacheka wanazuoni hao mpaka mbavu zikawauma. Daktari Kitsao hakufika huko. Fedha za masomo zilimwishia kabla ya kicheko.

"Ikiwa ulimwengu ndio bora," aliwaeleza wafanyakazi wake kila Jumatatu asubuhi, "na Kwale imo ulimwenguni, basi kinachobaki ni makaratasi."

Makaratasi yalikuwa hivi. Mtu akipatwa na jambo, alijaza Fomu KH/7. Jambo lenyewe alilieleza kwa sentensi moja, na faida zake kwa sentensi zisizopungua tano. Kulalamika kulikuwa kosa chini ya kanuni ya nne. Asiyeziona faida zake alipelekewa Subira.

Na Subira aliziona. Katika miezi mitatu alikuwa amefafanua visima vya maji ya chumvi (wananchi wameepushwa na gharama ya kutia chumvi mchuzini), kukatika kwa umeme ufukweni (wageni waliopanda ndege kuja kuziona nyota hatimaye wameziona), na mbuzi aliyekula hati ya shamba la mzee mmoja (kesi ya miaka kumi na mmoja imekwisha kwa siku moja, bila wakili). Neno "pole" lilifutwa katika shughuli za kiserikali, mahali pake pakawekwa "hongera". Dereva wa ofisi, Johnstone, mtu wa Kakamega, alipong'olewa jino, wenzake walipanga foleni kumshika mkono.

Basi siku moja ikarudi fomu kutoka Mikandaani, kitongoji kilichoko mbele ya Bodo, ng'ambo ya mkono wa bahari. Penye jambo palikuwa pameandikwa: "Daraja limeanguka." Penye faida palikuwa na maneno mawili tu: "Njoo uone."

Subira akaenda.

Daraja lilikuwa la mbao. Ncha zake mbili zilikuwa bado zimesimama, kila moja upande wake, lakini katikati palikuwa na pengo la hatua kumi na mbili. Maji yalikuwa kiunoni. Mwalimu mmoja alikuwa akivuka na viatu vyake kichwani. Nyuma yake alikuja mwanamke mjamzito, ameshikwa huku na huku na wanawake wawili, akipapasa chini kwa unyayo kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Upande wa barabara alikuwa amesimama Bi Chiku, mkunga wa kitongoji na mwenyekiti wa kila kitu kisichokuwa na mwenyekiti.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo huko Msambweni?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Nimekuja kuhusu ile fomu."

"Karibu. Kalamu unayo?"

Subira akafungua jalada lake. "Tangu daraja lianguke, mmepata faida zipi?"

Bi Chiku alifikiri kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Mwalimu Gilbert amejua kuogelea," akasema. "Lakini hakupenda."

Subira akaandika: Elimu ya watu wazima.

"Samaki wameongezeka hapo chini, maana kila siku kuna mtu anaangusha chakula."

Subira akaandika: Ufugaji wa viumbe vya majini.

"Na yule uliyemwona akivuka ni Mapenzi, mkaza mwanangu. Atajifungua mwezi ujao, inshallah. Uchungu ukimshika maji yakiwa yamejaa, nitamfikishaje barabarani? Andika faida yake, nami niisome."

Subira alitazama fomu, juu na chini. Kalamu yake iligusa karatasi ikabaki hapo hapo, mpaka wino ukafanya doa.

"Mamlaka inashikilia, Bi Chiku, kwamba kila litokealo lina kheri ndani yake."

"Hata mimi nashikilia. Nimezika mume na wana wawili kwa kushikilia hivyo hivyo." Bi Chiku alisema bila kupandisha sauti. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kheri iliyomo ndani ya jambo anaijua Mwenyezi Mungu. Daraja linajulikana na fundi."

Njiani kurudi Subira alilifunga jalada. Johnstone alimtazama kwenye kioo. "Madam, ile bridge imekwisha kabisa," akasema. "Sioni mtu akiifafanua hiyo."

Usiku wa fikra haukumfaa kitu, na asubuhi Subira alimwambia mkurugenzi ukweli, kadiri lugha ya ofisi ilivyomruhusu. Alisema daraja la Mikandaani limeonyesha unyenyekevu wa kupindukia, na kwamba wananchi wana shauku kubwa ya ng'ambo.

Macho ya Daktari Kitsao yalijaa machozi. "Hiki ndicho kielelezo nilichokuwa nakitafuta," akasema. "Watu wasio na daraja, na bado wanavuka. Tutafanya sherehe pale pale. Nitamwalika Bi Beryl kutoka makao makuu. Andika: jukwaa la mbao, lenye nafasi ya wageni wa heshima ishirini."

"Mbao, mheshimiwa?"

"Nzuri kabisa. Hatuwezi kuadhimisha daraja bovu juu ya mbao mbovu."

Wiki iliyofuata lori lilimwaga Mikandaani mbao ambazo kitongoji kizima hakikuwahi kuziona mahali pamoja. Wakazi walizizunguka kimya kimya, wakizigusa kama watu wanaonunua ng'ombe. Fundi aliyepewa kazi alikuwa Mwero, mtu wa hapo hapo. Subira aliyekuja kusimamia alimkuta na kamba ya kupimia. Aliona jambo moja: kabla Mwero hajapima mahali pa jukwaa, alipima pengo la daraja. Kisha akalipima tena.

"Jukwaa litakuwa hatua kumi na tano," Mwero akasema. "Wageni wa heshima wanapenda kunyoosha miguu."

"Na nguzo?"

"Nguzo katika tope hili ni kazi ya wiki mbili. Nitaliweka juu ya mapipa matupu ya plastiki, ishirini na manne, yaliyozibwa vizuri. Siku moja tu, limesimama."

Subira aliyatazama mapipa. Akatazama mikoko ya mikandaa iliyokuwa karibu, ambayo mashina yake yalikuwa na alama ya maji kimo cha kifua. Akamtazama Bi Chiku, aliyekuwa kando akichambua mchele kana kwamba duniani hakuna jambo jingine.

"Mkurugenzi ameniuliza siku gani itafaa," Subira akasema.

"Jumatano," Bi Chiku akajibu bila kuinua uso. "Mwezi utakuwa umetimia. Na mgeni mkubwa aanze kuzungumza saa nane, asiharakishwe."

Kila mtu aliyezaliwa karibu na bahari anajua kwamba mwezi ukitimia huwa ni bamvua, na kwamba maji ya bamvua hujaa saa kumi alasiri na hayana adabu. Subira alijua hivyo kabla hajajua kusoma. Akaandika Jumatano, akatia sahihi.

Jumatano hiyo tope lilikuwa kavu saa nane. Jukwaa lilikuwa limetandikwa zulia jekundu, upande wa daraja unaotazama bahari, karibu na nguzo zake zilizobaki. Daktari Kitsao alipanda, pamoja na Bi Beryl wa makao makuu na maafisa wanane. Wananchi walikaa ukingoni, juu zaidi kidogo. Bi Chiku aliwaambia wasogee juu zaidi tena.

Hotuba ilianza na uumbaji. Saa nane na nusu ilikuwa imefika Ulaya. Saa tisa mkurugenzi aliwauliza wananchi kama wamewahi kufikiria ingekuwaje lau tope lisingekuwapo, na hakuna aliyewahi kufikiria. Saa tisa na nusu maji yaliingia kimya kimya kati ya mizizi, yakalizunguka jukwaa kama paka anayenusa kiti.

Subira alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bi Beryl. Wajibu ulimtaka atoe taarifa. Lakini "hatari" ilikuwa imefutwa katika shughuli za kiserikali, "dharura" pia, na "mafuriko" yaliitwa "neema ya ghafla". Akamsogelea mkurugenzi sikioni.

"Mheshimiwa, bahari imekuja kukupokea."

"Ishukuru," Daktari Kitsao akasema, akaendelea.

Johnstone, kutoka ukingoni, hakuwa na subira ya msamiati. "Boss, hiyo kitu inaelea," akaita.

Mkurugenzi akatabasamu kwenye kipaza sauti. "Dereva wetu anasema tunaelea. Mimi nasema tunainuka."

Na kweli waliinuka. Jukwaa lilitikisika, likapiga kwikwi moja, likaondoka chini. Maafisa wanane walishikana mikono kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe. Maji yalilisukuma polepole kuelekea ndani, zulia na viti na maua, huku Mwero na jamaa zake wakilifuata ukingoni, mikononi wameshika kamba ambazo hakuna aliyewaona wakizifunga. Wakavuta huku, wakalegeza kule. Jukwaa likagonga nguzo za daraja la zamani, likajipinda, likakaa katikati ya zile ncha mbili kama jino la bandia. Likazilalia ncha hizo kwa hatua moja na nusu kila upande. Mwero akapiga misumari.

Daktari Kitsao, ambaye hakujua kuogelea, alikuwa amekumbatia kipaza sauti. "Tuko wapi?" akauliza, na swali likasikika mpaka Bodo.

"Darajani, mheshimiwa," Subira akasema.

Wa kwanza kuvuka alikuwa Mwalimu Gilbert, na viatu vyake miguuni. Alipita mbele ya meza kuu akiinamisha kichwa. "Shikamoo, mkurugenzi." Nyuma yake walikuja watoto wa shule, wakamwamkia mmoja mmoja, na mkurugenzi, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaitikia marahaba sitini na moja. Akaja mtu na baiskeli. Akaja mtu na mbuzi. Kisha akaja Mapenzi, polepole, mkono kiunoni, akitazama mbele wala si chini, na maafisa wakamsogezea viti apite.

Bi Chiku alikuwa wa mwisho. Alikuwa na Fomu KH/7.

"Jambo tumelijaza, baba," akasema. "Jukwaa la Mamlaka limechukuliwa na maji. Faida tumeandika tisa. Imebaki sahihi yako."

"Bibi, hili ni jukwaa langu. Na miguu yangu imelowa."

"Hiyo ni ya kumi. Nitaiongeza."

Mkurugenzi akageuka kumtafuta mtu wa kumlalamikia. Aliyekuwa karibu ni Bi Beryl wa makao makuu, ambaye alikuwa amekwisha kupiga picha thelathini na alikuwa akiandika. "Nimezunguka kanda zote, Daktari," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza nimeona nadharia ikivukwa na mbuzi. Nitapendekeza mwaliko wowote wa aina hii usikataliwe. Tia sahihi, picha bado moja."

Akatia.

Mapenzi alijifungua salama wiki tatu baadaye, mtoto wa kike, hospitalini, alikofika kwa miguu yake mpaka barabarani na kwa gari baada ya hapo. Habari hiyo Subira aliipata kwa Bi Chiku, akaifurahia kutwa nzima bila kuijazia fomu.

Lakini habari nyingine ilikuwa imezunguka upesi zaidi. Jumatatu iliyofuata Subira aliingia kwa mkurugenzi amebeba mfuko wa barua. Hakukuwa na lalamiko hata moja. Zilikuwa mialiko.

"Kijiji cha kwanza," akasoma, "kinaomba uje uhutubie penye mto wao. Wanapendekeza jukwaa la hatua ishirini, la saruji. Wasini wanakukaribisha kisiwani. Wangependa jukwaa lao liwe na tangi la maji matamu, kwa ajili ya koo lako. Shule moja inasema inakualika uhutubie katika jukwaa lenye vyumba sita, kila chumba wageni wa heshima arobaini na watano, na kila mgeni na dawati lake."

Daktari Kitsao alikaa. "Tuwaandikie kwamba haiwezekani."

"Kukataa mwaliko, mheshimiwa, kumewekwa na makao makuu chini ya kanuni ya nne."

Mkurugenzi akatazama dirishani, ambako foleni ya watu waliovaa vizuri, kila mmoja na bahasha, ilikuwa imeshuka ngazi, imepita duka la dawa za mifugo na kukata kona.

"Na hiyo uliyoishika?"

"Hii ni ya Bi Chiku. Anasema Mikandaani wamependa hotuba, wanataka nyingine. Jukwaa liwe na kuta nne, paa la mabati, vyumba viwili, maji ya bomba na kitanda cha kujifungulia. Kwa sababu za itifaki."

Mwishowe mkurugenzi akachukua kalamu, akaivua kifuniko.

"Hotuba yenyewe wanataka iwe ya muda gani?"

Subira akaigeuza barua, akasoma nyuma.

"Wanasema hotuba si lazima, mheshimiwa."