Mmiliki Mmoja, Wakaaji Wengi

Redio ndiye aliyeileta habari, kama kawaida yake, akaipasua kabla hajakaa.

"Mmesikia? Wenye biashara ndogo wote wajisajili. Hata ukiwa wewe na nyundo yako tu, unaandikwa: mmiliki mmoja, basi. La sivyo, kufuli."

Akajitupa kwenye kochi jekundu lililokuwa barazani, kando ya Mkurugenzi. Kochi lilikuwa la mteja. Makochi yote pale yalikuwa ya wateja. Kijiwe kilikalia lililokuwepo siku hiyo.

Springi, fundi mwenyewe, alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi hilohilo akimalizia kitambaa cha mgongoni. Misumari midogo ilimjaa mdomoni. Aliitema mmoja mmoja na kuipigilia. Akaelekeza nyundo ukutani. Cheti kilikuwa kinaning'inia pale tangu asubuhi na hakuna aliyekiona.

Mama wa kahawa akakisogelea, akasoma kwa sauti. "Mmiliki: mmoja. Hee! Hongera, baba!"

"Mmoja?" Mkurugenzi akasimamisha kikombe hewani. Alikuwa kaka wa mke wa Springi, na cheo hicho alijipa mwenyewe. "Mmoja kwa maana gani, shemeji? Mimi ni nani hapa?"

"Mm," akasema Springi, kwa sababu ya misumari.

"Kwani kazi yako ni ipi?" mama wa kahawa akauliza.

"Ukaguzi! Kuna kochi limewahi kutoka hapa halijapitishwa na makalio haya?"

"Kwa hiyo makalio nayo yaandikwe?"

"Yaandikwe! Yana uzoefu kumzidi fundi."

"Na mimi," Redio akadakia. "Hii rangi nyekundu aliishauri nani?"

"Wewe ulisema kijani," mama wa kahawa akamkumbusha.

"Nilikosolewa nikanyamaza. Huo nao ni mchango."

Wakacheka, isipokuwa Mkurugenzi. "Shemeji, sikia. Dada yangu akijua umejiandika peke yako kama yatima, leo unalala kwenye hili kochi. Kesho twende ofisini, tuandike ubia."

Springi alimjua mkewe. Zaidi, alimjua shemejiye akiwa mbele ya mkewe. Alikuwa amejisajili kwa sababu moja: mwenye nyumba ya wageni, yule mama mwenye hilo kochi jekundu, alimwambia kwamba kazi kubwa hampi fundi asiye na cheti. Hakujisajili ili avunje nyumba yake. Akaishusha nyundo.

"Mm," akasema, na hii ilikuwa ile ya kukubali.

Hapo gari dogo la mizigo likasimama. Mwenye nyumba ya wageni akashuka, miwani puani, usoni hana hata chembe ya salamu.

"Mwenye biashara hii nani? Na akina nani wamelikalia kochi langu?"

Kochi likabaki tupu kabla swali halijaisha. Redio alishafika ukingoni mwa barabara, anachungulia kama anayesubiri usafiri.

"Mwenyewe ndiye huyo, mama," Mkurugenzi akasema, akilipangusa kochi kwa kiganja. "Peke yake! Cheti hicho hapo, mmiliki mmoja. Lawama zote zake. Mimi napita njia tu."

"Humjui?"

"Kwa sura."

Mama akaliminya kochi huku na kule, akakaa, akainuka. Sponji ikarudi juu.

"Watu wazima wawili, na halijabonyea? Fundi, vyumba vyote nakupa wewe. Nilikuwa naogopa tu kwamba hapa pana kamati."

"Sasa mama," Mkurugenzi akakohoa, "kuhusu huo ukaguzi wa kubonyea..."

"Wewe si unapita?"

Springi na dereva wakalibeba kochi, wakalipakia, gari likaondoka. Barazani ikabaki sakafu. Mkurugenzi alisimama katikati, kahawa inampoa mkononi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya upole, "sasa sisi tukae wapi?"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Springi akaitema misumari yote kiganjani.

"Wapita njia," akasema, "hawakai."