Yah: Rangi Iliyopotea Kati ya Manzese na Kariakoo

Ndugu Profesa Benjamin,
Mkuu wa Maabara ya Kuona na Kukumbuka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na huna kikao kwa saa nzima ijayo. Mimi ni Yazid Matar, muuza vifaa vya ujenzi hapa Manzese, msomaji wa kila gazeti linalofika mtaani kwetu na mwandishi wa barua ambazo wahariri huzitambua kabla hawajafungua bahasha. Nimegombana kwa maandishi na waliochimba mtaro mbele ya duka langu wakauacha wazi, na nimegombana na wanaopaka rangi kuta za watu bila ruhusa. Sijawahi kugombana na sayansi. Sayansi naipenda, na ndiyo maana safari hii nimeumia.

Salsabil, binti wa kaka yangu, ni mwanafunzi wako. Ndiye aliyeniita: "Ami, njoo utusaidie utafiti, tunatafuta watu wazima wenye akili zao." Ukiniambia hivyo nakuja hata kwa miguu. Nikaja, nikanywa chai yenu, nikakaa mbele ya kompyuta. Matokeo yake ni kwamba huenda mwezi ujao binti yangu Afrah akaozwa na mtu mwingine badala yangu, nami nipo hai, nimevaa kanzu, nimekaa safu ya tatu kama mpangaji. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu kupimwa. Mlinionyesha miraba ya rangi kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Ikatoweka. Ikarudi. Mkaniuliza ni upi uliobadilika. Profesa, ni wapi duniani mtu huonyeshwa vitu namna hiyo? Hata muuza nyanya wa hapa kwetu, ambaye ana sababu zote za kunificha zilizooza, hunipa nafasi ya kutazama. Baadaye Salsabil akanieleza kwamba kichwa cha mwanadamu hushika vitu kama vinne hivi vya kuona kwa wakati mmoja, na kwamba mimi nimeshika vitatu. "Na hiyo si mbaya, Ami." Si mbaya! Hivyo ndivyo anavyosema daktari kabla hajafunga mlango.

2. Kuhusu Fredrick. Kijana wenu Fredrick alikuwa akinielekeza, tukaingia kwenye mjadala juu ya nani anapaswa kulipia mitaro ya mvua. Nilikuwa nimembana vizuri. Akaangusha kalamu, akainama chini ya meza kuiokota, akainuka, tukaendelea, nikamshinda. Ndipo mliponifahamisha, huku mkicheka, kwamba aliyeinama ni Fredrick na aliyeinuka ni Deogratias, kijana mwingine kabisa, mrefu zaidi na mwenye ndevu. Mnasema sikuona kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye hoja. Sawa. Lakini kama nilianza kubishana na Fredrick nikamshinda Deogratias, mbona kwenye matokeo sikuandikiwa ushindi wa watu wawili?

3. Kuhusu siri. Nilidhani matokeo ya mtu ni kama vipimo vya hospitali. Ijumaa ya wiki hiyo, kwenye pilau kwa kaka yangu Hudhaifa kule Mbezi Beach, Salsabil akayaeleza yote, kwa nia njema na kwa sauti kubwa. Hudhaifa hajamaliza kitabu tangu atoke shule, lakini jibu hakulikosa: "Kumbe braza una vyumba vitatu tu kichwani, na vyote umepangisha magazeti!" Walicheka wote. Akacheka hata mke wangu Naima, ambaye vichekesho vyangu mimi huvipokea kama hati ya mahakama.

4. Kuhusu kitambaa. Hapa ndipo panapouma. Naima alikwisha nunua lesi ya sare ya harusi, rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva, akawagawia ndugu zake. Ilipofika zamu ya dada zangu, ikawa imepungua. Akaniomba nifike Kariakoo kuongeza. Akanipa kipande cha mfano. Nikakikataa. Akasema nipige picha kwa simu. Nikakataa. Siku nyingine ningekichukua bila neno, lakini maabara yenu ilikuwa imenitangaza hadi Mbezi Beach kuwa mtu wa vitatu, na hiki kilikuwa kimoja! Rangi moja! Nikaitazama ile lesi kwa makini, nikaifunga machoni, nikaondoka.

Njiani nilikutana na mabango, miavuli, bajaji zilizopakwa kila rangi iliyowahi kuumbwa, na timu nzima ya watoto waliovaa jezi. Nilipofika dukani, rangi ilikuwa bado ipo kichwani, nzuri, imetulia. Nikaionyesha kwa kidole. Muuzaji akaikata. Dada zangu wakapelekewa, mafundi wakapitisha mkasi, na hapo ndipo Naima alipoiona.

Zambarau, Profesa. Zambarau ya wazi kabisa.

Salsabil ananiambia haya yamechunguzwa: rangi ikikaa kichwani bila kutazamwa huanza kutembea. Basi kwa nini hamkuniambia siku ile? Mnamfungulia mtu geti, hamumwambii kuna mbwa.

5. Kiyoyozi chenu kilikuwa kikali mno. Hili halihusiani na mengine, lakini bega bado linaniuma.

6. Kuhusu dada yangu Hayat. Huyu ndiye mkubwa wetu, anakaa Chamazi, na akiamka vibaya ukoo mzima huamka vibaya. Ameona ndugu za Naima wana damu ya mzee, yeye na wadogo zake wana zambarau, na amehitimisha kwamba Naima amewatenga makusudi. "Nguo haikosei," amesema. "Mtu akitaka ujue wewe si wa kwao, anakuvalisha." Hazungumzi na Naima tena. Naima, ambaye hana kosa hata la uzi, ananidai jambo moja tu: niende Chamazi nikaseme neno "nimekosea". Ni neno zuri. Nimewashauri watu wengi walitumie, baadhi yao viongozi. Lakini kila nikilikaribia nakumbuka Hudhaifa na vyumba vyake vitatu, na linarudi ndani.

Naima amechoka. Amesema: "Mume wangu, kama huwezi kumwambia dada yako neno moja, kwenye ndoa utasema nini mbele ya watu? Mpe Hudhaifa uwakala, amwoze yeye." Afrah alienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo, Profesa, ninaomba mambo yafuatayo, yote yakiwa ndani ya uwezo wa sayansi yenu.

Kwanza, mje Jumapili nyumbani kwangu, wewe, Fredrick na Deogratias, pamoja na mashine zenu, mbele ya Naima na Hayat, mtamke kwamba kosa ni la ubongo wa binadamu kwa ujumla na si la Yazid Matar kwa jina. Chakula kitakuwepo.

Pili, mthibitishe kwamba hakuna mgeni atakayeona tofauti. Hesabu ni yenu wenyewe: mtu hushika vinne. Ukumbi utakuwa na wanawake wengi kuliko idadi hiyo mara nyingi. Mgeni akishika wanne wa damu ya mzee, nafasi imejaa. Wa zambarau atamweka wapi? Tukiwachanganya vizuri, hawaonekani. Na kwa kuwa mnasema badiliko halionekani macho yakikatizwa, nitamlipa mtu wa jenereta azime taa kidogo kila wanawake wanapoinuka.

Tatu, mkishathibitisha hilo, mwende mbele zaidi. Ikiwa hakuna anayeona rangi ya sare, basi sare haina kazi. Itangazwe nchi nzima. Kila mwanamke aende shughulini na gauni lililomo kabatini, na akina baba wa Tanzania wapumzike kutumwa Kariakoo. Hili peke yake lingeipa maabara yenu sanamu pale Manzese, na saruji nitatoa mimi.

Nne, na hili ndilo kubwa. Yote yakishindikana na Hudhaifa akakalia mkeka wangu siku ya ndoa, naomba mniazime Deogratias kwa mazoezi. Hudhaifa ataanza kusema maneno ya kuoza, ataangusha kalamu, atainama. Atakayeinuka ni mimi. Shehe akili yake itakuwa kwenye maneno, bwana harusi akili yake itakuwa kwa Afrah. Hakuna atakayegundua. Binti yangu atakuwa ameozwa na baba yake, na hakuna mtu atakayekuwa amesema neno lolote huko Chamazi.

Nangoja jibu lako kabla ya Jumapili. Nisalimie wafanyakazi wote wa maabara, aliyeniletea chai, na Fredrick au Deogratias, yeyote atakayekuwa amekaa kwenye kiti kile. Salsabil mwambie shikamoo yake nimeipokea, lakini nimeiitikia kwa sauti ndogo.

Wako katika kutafuta ukweli, hata ukiwa mchungu kwa wengine,

Yazid Matar,
Manzese.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua hii. Jana mchana nilikuwa nimesimama na jirani yangu Mbwana ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, tukitazama shughuli ya ukoo wao upande wa pili. Basi la mwendokasi lilipita kati yetu na wao, likazuia kila kitu, likaondoka. Wanawake walikuwa wengi, wote kijani. Mara moja, bila kutafuta, nikamwona mmoja ambaye kijani chake kimechujuka. Nikacheka. Nikasema: "Mbwana, yule mama wa pembeni kitambaa kapewa na nani, adui?"

Akasema: "Yule mke wangu, Yazid. Kitambaa nilinunua mie."

Mama yule alikuwa amekaa peke yake na mtandio ameuvuta hadi mabegani, kwenye joto lile.

Nikaenda Chamazi hiyo hiyo jana. Nilipomwambia nimekosea, Hayat akasema: "Naima ana macho. Rangi ile nilijua kaichagua mwanamume, nilikuwa nasubiri mwanamume mwenyewe afike." Akampigia Naima pale pale, wakanicheka kwa pamoja, sauti ya simu ikiwa juu.

Kwa hiyo Jumapili msije. Njooni kwenye ndoa, Afrah nitamwoza mwenyewe. Usihangaike na ule ushahidi niliouomba. Naima amempa mdogo wake ile lesi yake ya damu ya mzee na amejishonea zambarau. Atakaa katikati ya Hayat na dada zangu, na ninakuhakikishia, Profesa, kila mtu ataona.