Mlima wa Mama Salvina

Jumatatu, 7 Julai 2025

Saba Saba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimepata kazi. Amekuja Pamela, binti anayefanya kazi Dar, hapa studio kwangu, mtaa wa Soweto. Wazazi wake, Mzee Primus na Mama Salvina wa Uru, Jumamosi wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Picha yao ya harusi, waliyopigwa uani kwao huku Kilimanjaro ukiwa nyuma yao, iliteketea jiko lilipoungua. Mama anataka nyingine. Uani palepale, mume yuleyule, mlima uleule. Sharti ni moja tu: mlima uonekane. Nikifanikiwa, harusi ya Pamela ya Desemba ni yangu.

Nikamwambia mimi na mlima tumekua pamoja. Akasema kabla ya kuamua atapita kwa Ishaan, mwenye studio ya babu yake kule mjini. Nikamjulisha kwa masikitiko kwamba Ishaan yuko India.

Baadaye nikatoka kuutazama mlima. Wingu tupu. Haujaonekana wiki nzima, au umeonekana nikiwa nimelala.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kumpeleleza Ishaan kwa kisingizio cha kusafisha kamera. Akanikaribisha chai ya tangawizi, akasema safari yake ya India ilikuwa nzuri ila fupi mno. Nikajua Pamela alipita. Nikanywa chai kwa haraka, nikaungua ulimi.

Ajabu ni kwamba kazi bado ni yangu. Ishaan amemwambia Pamela kuwa Jumamosi ana harusi nyingine, na kwamba Efraimu, yaani mimi, anaweza. Sijui ana hila gani. Ubaya wa Ishaan ni kwamba ana roho nzuri, hujui pa kumkamatia.

Kisha akaanza kunifundisha bila kuombwa. Julai mlima hufunguka alfajiri, ikifika saa tatu umefungwa. Niwe Uru saa kumi na mbili kasoro. Nisitumie lenzi pana, itaufanya mlima kichuguu. Nitumie lenzi ndefu, nirudi nyuma hadi kwenye migomba, hapo mlima utasimama mkubwa mabegani mwa wazee. Akaniazima na lenzi yake ndefu, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja.

Nimeipokea kwa heshima. Lakini kuamka saa kumi usiku ni kazi ya wauza maziwa. Mimi ni mtu wa kompyuta.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata programu ya kubandika anga na milima. Wiki ya kwanza ni bure. Unabonyeza mara moja, kinachobaki ni kutafuta mlima.

Kwenye hifadhi yangu nina picha elfu nne za harusi na hakuna hata moja yenye mlima. Nikauchukua mtandaoni. Mzuri ajabu! Theluji, anga la buluu, na chini kundi la tembo kumi na mmoja wakila nyasi. Nimewafuta mmoja mmoja mchana kutwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepanda Uru kukagua uwanja. Nikampa Mzee Primus shikamoo, akanionyesha mahali waliposimama mwaka sabini na tano, kati ya kahawa na migomba. Akaelekeza panga lake kwenye wingu, vilipo vilele viwili vya mlima: Kibo pale, Mawenzi pale. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nasikia harufu ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama.

Wakati nakula sahani ya pili, Mama Salvina akaniambia gauni lake bado lipo, na kwamba Jumamosi atakuwa amelivaa saa kumi na moja, mlima usije ukamkuta hajajiandaa. Akasema ana miaka thelathini hajaiona sura yake ya bibi harusi, na anaanza kuisahau. Alisema hivyo huku akiniongezea ndizi.

Kitu kikanibana kifuani. Nimekilaumu chakula, maana nilikula upesi. Nikawaambia mwanga mzuri ni wa saa saba, baada ya misa. Wakakubali, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelala mapema. Nahifadhi nguvu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka saa mbili na nusu. Nilipofungua dirisha, mlima ulikuwa unafunga lake.

Misa nzuri, kwaya nzuri. Saa saba tukasimama uani, nyuma yao wingu jeupe kama shuka. Mama akaniuliza kama mlima upo. Nikamwambia kamera yangu ya kisasa inaona kupita wingu. Mzee akageuka kulikagua wingu. Mama akatabasamu, nikapiga.

Jumatatu, 14 Julai

Siku mbaya.

Nimepeleka picha kwenye fremu kubwa. Ukoo mzima sebuleni. Pamela akaondoa kitambaa, watu wakasogea karibu. Nikadhani ni uzuri.

Mama Salvina akavaa miwani. Akauliza kwa upole ni nani aliyewahamishia Kenya.

Sikuelewa. Mzee akanishika bega, akanitoa nje. Akasema tangu azaliwe, akisimama mlangoni akiutazama mlima, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Kwenye picha yangu Mawenzi iko kushoto. Huo ni mlima unaotazamwa kwa nyuma, upande wa Kenya, akasema, na miaka hamsini ya ndoa hawajawahi kuishi nyuma yake. Nikasema lenzi za siku hizi hugeuza vitu. Akauliza mbona yeye hajageuzwa.

Ndani, Pamela alikuwa ameona kitu cha kijivu kwenye kahawa. Lilikuwa sikio. Nadhani nilifuta tembo kumi.

Pamela akasema Desemba nisahau. Mama peke yake hakunigombeza. Akakunja miwani, akasema basi, labda sura yake haikukusudiwa kuonekana tena. Hapo nikaona aibu, aibu ya kweli, nikashindwa kuinua uso. Nikamwomba asubuhi moja tu. Akasema gauni halijafuliwa, atalivaa.

Jumanne, 15 Julai

Nimeamka saa tisa na nusu usiku. Ishaan ndiye aliyenipigia simu mara sita, baada ya mimi kumwomba kwa unyenyekevu nisiopenda kuueleza hapa.

Saa kumi na mbili na robo mlima wote ulitoka. Nilirudi nyuma hadi kwenye migomba na ile lenzi ndefu. Kibo ikasimama kubwa juu ya bega la Mzee, Mawenzi kulia, mahali pake. Nikapiga mara tatu. Nikamwonyesha Mama kwenye kioo cha kamera. Akagusa uso wake kwa kidole, akasema kumbe ni huyu. Kisha akalia, na Mzee akajifanya anatafuta kofia.

Na mimi nililia kidogo. Baridi ya Uru.

Ijumaa, 18 Julai

Pamela amenishukuru kwa picha, amesema ni nzuri kuliko ile iliyoungua. Harusi ya Desemba amempa Ishaan. Anataka fundi aliyewahi kuuona mlima zaidi ya mara moja. Wivu wa watu wa Dar.

Lakini nimepata faida ambayo hawajui. Sasa nina mlima wangu mwenyewe, umekaa sawasawa, hauna tembo. Sina haja ya kuamka tena maisha yangu yote.

Na kazi imekuja leo leo. Mzee Valerian wa Bomang'ombe anataka picha ya familia, mlima ukiwa nyuma kama unavyoonekana kutoka uani kwake. Alikuwa mpagazi mlimani miaka thelathini. Nikamwambia asihangaike na alfajiri, waje wote hapa studio saa tano, mlima nitawabandikia huu wangu wa Uru. Mtu aliyekaa mlimani muda wote huo atakuwa ameshauchoka, hatauangalia sana.